Proteomiki au kemia ogania: ulinganisho kwa aliye njia panda

Wanaouliza swali hili huwa na hali zinazofanana. Mtu amemaliza shahada ya kwanza ya kemia au biokemia, na mkononi ana nafasi mbili za utafiti: maabara moja inajenga molekuli, nyingine inapima protini. Zote zinamtaka. Akienda kuomba ushauri, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mhadhiri wa kemia ogania atamwambia proteomiki ni kubonyeza vitufe vya mashine. Wa proteomiki atamwambia usanisi ni kupika chakula usichojua nani atakila. Mimi nimekaa huko jikoni miaka miwili na nusu, kisha nikahamia kwenye vitufe, na nina deni kwa pande zote mbili. Pale ninapopendelea nitasema wazi.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Kwa kemia ogania nakusudia usanisi: kubuni njia ya kutengeneza molekuli ya kaboni, kuitengeneza, kuisafisha na kuthibitisha kwamba ndiyo hiyo. Kazi hii ina umri mkubwa. Wengi huihesabu tangu mwaka 1828, Friedrich Wöhler alipotengeneza urea bila figo wala mnyama. Proteomiki ni kuchunguza kwa mkupuo mmoja protini zote, au nyingi kadiri inavyowezekana, zilizomo ndani ya seli, tishu au majimaji ya mwili. Hii ni changa. Neno proteomu lilibuniwa na Marc Wilkins mwaka 1994, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu. Iko pia njia ya tatu inayoziunganisha, proteomiki ya kikemia, ambamo unasanisi molekuli ya kutumika kama chambo kisha unatazama ni protini zipi zimenasa. Nayo itapimwa kwa vigezo vilevile.

Vigezo vyangu ni sita: kinachobaki mkononi mwako mwishoni, siku yako inavyopita, unavyojua kwamba ulichokipata ni kweli, unavyoshindwa, makala zinavyotoka na kwa majina ya nani, na unategemea vifaa gani. Sikuweka kigezo cha "ipi ina hadhi". Hadhi hubadilika kila tuzo inapotangazwa.

Kinachobaki mkononi

Mwanakemia ogania humaliza na kichupa. Ndani yake miligramu 12 za unga mweupe, nje lebo yenye namba ya daftari na ya ukurasa. Pamoja na kichupa kuna maelekezo ya namna ya kuufikia ule unga, na maelekezo hayo ndiyo urithi wenyewe. Mimenyuko ya paladi iliyowapa Richard Heck, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki tuzo ya Nobel ya mwaka 2010 ilichapishwa kwa sehemu kubwa miaka ya 1970, na leo kuna mtu anaifanya karibu kila maabara ya dawa bila hata kufungua makala ya awali. Ukibuni mmenyuko unaofanya kazi mikononi mwa watu wengine, umeacha kitu kisichochakaa.

Mtu wa proteomiki humaliza na faili. Data ghafi za gigabaiti nyingi, na jedwali lenye maelfu ya mistari: jina la protini, wingi wake kwenye sampuli hii, wingi wake kwenye ile. Binadamu ana jeni kama 20,000 zinazotoa protini, na kuona elfu kadhaa kati ya protini hizo kwa siku moja ni jambo la kawaida sasa. Lakini jedwali si jibu. Jibu ni ule mstari mmoja au miwili inayoeleza kwa nini dawa imeacha kufanya kazi au kwa nini seli imegeuka. Data zenyewe huwekwa kwenye hazina za wazi kama PRIDE, na hapo ndipo utamu wa fani hii ulipo: mtu usiyemjua anaweza kuzifungua miaka mitano baadaye kwa programu bora kuliko yako na kuona usichokiona. Programu nazo ni zao kubwa. Makala ya mwaka 2008 ya Jürgen Cox na Matthias Mann kuhusu MaxQuant imenukuliwa mara maelfu, pengine kuliko ugunduzi wowote wa kibiolojia uliofanywa kwa kuitumia.

Kwenye njia ya tatu unabaki na vyote viwili, kichupa na faili, ila kila kimoja kidogo. Chambo chako hakitakuwa molekuli ya kusisimua wanausanisi, na orodha yako itakuwa fupi kwa makusudi.

Siku inavyopita

Usanisi ni kazi ya miguu na mikono. Asubuhi unatoa chupa za kioo kwenye tanuri, unazipoza chini ya nitrojeni, unapima unga, unachoma sindano kwenye kizibo cha mpira na kudondosha kiyeyushi. Kisha kusubiri, na kusubiri huko si kupumzika, kwa sababu kila nusu saa unagusa bamba dogo la silika kwa tone la mchanganyiko, unaliweka kwenye kiyeyushi ili kikwee juu yake, unalitazama chini ya taa ya urujuanimno: doa la mwanzo limepungua? Jipya limetokea? Mchana ni kolamu, mrija wa kioo wa kutenganisha vilivyomo kwenye mchanganyiko. Unamimina silika, unaigonga kwa mpira itulie isiwe na ufa, unaweka tabaka la mchanga juu, unapakia mchanganyiko wako kama utepe mwembamba wa kahawia, na kwa saa moja unabadilisha mirija ya kupokelea huku ukiombea tepe mbili zisigusane. Kuna raha ndani yake ambayo siwezi kumweleza asiyeionja. Siku tepe ya njano inaposhuka peke yake, safi, na ile ya kahawia imebaki juu, unasahau chakula.

Proteomiki huanza kwa siku tatu za mezani, kisha wiki za kompyuta. Unavunja seli, unafungua vifungo vya salfa vya protini, unavizuia visirudi, unaongeza tripsini, kimeng'enya kinachokata mnyororo baada ya lisini na ajinini, na unaacha usiku kucha kwenye nyuzi 37. Kesho yake unasafisha peptidi, yaani vile vipande vya protini vilivyokatwa, unazikausha, unazipanga kwenye foleni ya mashine ya kupimia uzito wa molekuli. Kazi ya mikono ni ndogo lakini inadai unadhifu wa ajabu, kwa kuwa protini iliyo rahisi kuikamata kuliko zote ni keratini, na keratini ndiyo ngozi yako, nywele zako na vumbi la chumba. Wiki yangu ya kwanza nilivaa sweta ya sufi kwa sababu ya baridi ya maabara. Matokeo yaliporudi, seli za binadamu nilizopima zilikuwa na keratini za kondoo kwa wingi. Msimamizi hakusema neno. Alinitazama sweta tu.

Baada ya hapo ni lugha za kompyuta kama R au Python, chati, na maswali ya takwimu. Asiyependa kukaa mbele ya skrini kwa saa sita ajue mapema. Kwenye njia ya tatu mgawanyo hutegemea mwaka: mwanzoni utakuwa mwanausanisi, mwishoni utakuwa mtu wa data, na katikati kuna miezi ambayo hujui wewe ni nani.

Unajuaje kwamba ni kweli

Kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vingine, na ndicho kisichotajwa kwenye matangazo ya nafasi. Fani hizi mbili zina aina mbili tofauti za shaka, na mtu anayestahimili moja huenda akateswa na nyingine.

Shaka ya mwanausanisi huelekea kitu kimoja: je, hii ndiyo molekuli niliyoikusudia? Anaiweka kwenye mashine ya NMR, inayotumia sumaku kuzisoma atomi za molekuli, anapata mchoro, na kila hidrojeni inatakiwa kujieleza. Ule mstari ulio kwenye 7.26 ni kiyeyushi cha klorofomu kilichobaki, achana nayo. Hizi tatu hapa ni kundi la methili. Hizi mbili ni za pete. Hesabu ikikosa hidrojeni moja, kuna kitu hakiko sawa, na hakuna ufasaha wa maneno utakaomwokoa. Akipata fuwele nzuri, mionzi ya eksirei humwonyesha atomi zilivyokaa, na mara nyingi mjadala huishia hapo. Fani hii ina hata jarida, Organic Syntheses, lililoanza mwaka 1921, ambalo halichapi maelekezo yoyote mpaka yarudiwe kwenye maabara ya mmoja wa wahariri wake. Sijui majarida mengi yenye ujasiri huo.

Shaka ya proteomiki huelekea orodha nzima. Mashine haioni protini. Inaona peptidi, inaivunja, inapima uzito wa vipande, kisha programu inauliza: katika peptidi zote zinazowezekana za binadamu, ipi ingevunjika hivi? Ili kujua programu inabahatisha kiasi gani, unaipa pia orodha ya uongo, mfuatano wa asidi amino uliogeuzwa nyuma mbele, usiokuwepo kwenye seli yoyote. Kila inapochagua kitu cha uongo unapata kipimo cha makosa yake. Kwa desturi unakubali kiwango cha asilimia 1. Sasa piga hesabu: ukiripoti protini 6,000 kwa kiwango hicho, kama 60 zinaweza kuwa si kweli, na huwezi kuzinyooshea kidole. Unalala nazo.

Kuna pia vitu ambavyo mashine haiwezi kuvitenganisha kwa uzito hata iwe mpya kiasi gani. Asidi amino mbili, lusini na isolusini, zina uzito uleule. Vingine hutenganishwa kwa unywele: kundi la asetili likiongezwa kwenye lisini uzito hupanda kwa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 42.011, makundi matatu ya methili yakiongezwa hupanda kwa 42.047. Tofauti ni 0.036, lakini kibiolojia ni hadithi mbili tofauti kabisa.

Mfano wa shaka hii ninaoupenda ni wa mwaka 2014, ambapo timu mbili zilichapisha katika toleo moja la jarida la Nature rasimu za proteomu ya binadamu. Zilikuwa kazi kubwa na bado zinatumika. Watafiti wengine walifungua data wakaona kwamba orodha zote mbili zilikuwa na vipokezi vingi vya harufu, ilhali hakuna timu iliyokuwa imepima tishu ya pua. Vilivyotajwa kuwa ushahidi wake vilikuwa michoro dhaifu iliyopita kwenye chujio kwa sababu chujio lilikuwa limetandazwa juu ya data nyingi mno. Hakuna aliyedanganya. Ndivyo orodha ndefu zinavyofanya, na uzuri ni kwamba data zilikuwa wazi, zikasahihishika.

Proteomiki ya kikemia ina dawa yake ya shaka, nayo ni ushindani. Tangu Benjamin Cravatt na wenzake walipoonyesha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba chambo kinaweza kuwanasa vimeng'enya walio kazini tu, utaratibu umekuwa uleule: weka chambo peke yake, kisha weka dawa ya kawaida kwanza ndipo chambo. Protini iliyokuwa imenaswa mara ya kwanza ikatoweka mara ya pili, basi dawa imekaa mahali palepale. Chambo hufungwa kwenye kishikio chake kwa kuunganisha azidi na alkini, kemia iliyowapa Carolyn Bertozzi, Morten Meldal na Barry Sharpless tuzo ya Nobel ya mwaka 2022. Shaka haiishi, ila inakuwa finyu kiasi cha kuweza kuishughulikia.

Namna ya kushindwa

Usanisi unashindwa kila siku, kwa sauti. Bamba la silika linaonyesha madoa saba badala ya mawili na wewe unajua kabla ya chakula cha mchana. Maumivu makali huja kwenye njia ndefu. Hatua 10 zenye mavuno ya asilimia 90 kila moja hukuacha na asilimia 35 tu ya ulichoanza nacho. Hatua 20 za asilimia 80 hukuacha na asilimia 1 na punje. Vitamini B12, iliyokamilishwa mwaka 1972 na maabara za Robert Woodward na Albert Eschenmoser, ilihitaji watu kama mia na zaidi ya miaka kumi. Mimi nilikuwa hatua ya 11 na miligramu 40 za mwisho pale mchanganyiko ulipochemka ghafla kwenye mashine ya kuvukizia viyeyushi na kurukia kwenye mtego wake. Niliosha mtego mara sita, nikaokoa 22. Nilishukuru kwamba siku ile ya kufanya usafi wa mtego sikuwa nimeiahirisha.

Proteomiki inashindwa polepole, kimyakimya. Sampuli zote za wagonjwa zimeandaliwa Jumatatu na zote za wazima Alhamisi. Chati inatoka nzuri, makundi mawili yametengana kama mbingu na ardhi, na miezi minne baadaye mtu makini kwenye kikao anauliza kama tofauti hiyo si ya Jumatatu na Alhamisi. Hakuna mashine itakayokutoa hapo. Damu nayo ina mtihani wake: karibu nusu ya protini za plazima ni albumini, na kati ya protini nyingi kuliko zote na ile adimu unayoitafuta kuna tofauti ya zaidi ya mara bilioni kumi. Halafu sabuni. Mabaki ya sabuni fulani za maabara hutokea kwenye mchoro kama ngazi, kila kidato daltoni 44 kutoka kingine, na ngazi hiyo ikishaingia kwenye kolamu ya mashine, foleni nzima ya wenzako itajua jina lako.

Njia ya tatu inaweza kushindwa kwa namna zote mbili ndani ya mwaka mmoja, na mshika mbili moja humponyoka. Ushindi wake nao una ladha mbili.

Makala, majina na muda

Hapa ndipo wengi hukosea wanapolinganisha wasimamizi kwa kufungua wasifu wao na kuhesabu makala. Hesabu hizo hazilinganishiki. Makala ya mmenyuko mpya huwa na waandishi wachache, jedwali la mifano 30 au 40 ya molekuli zilizotengenezwa kwa njia hiyo, na viambatisho vya kurasa mia na kitu vilivyojaa michoro ya NMR. Usanisi kamili wa kitu kigumu unaweza kumeza uzamivu mzima na kuzaa makala moja. Proteomiki hualikwa kwenye miradi ya watu: madaktari wana sampuli, wanabiolojia wana swali, wewe una mashine. Unaweza kumaliza na makala tisa na kuwa mwandishi wa kwanza kwenye moja.

Kielezo cha h kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005 hakitakusaidia kuvuka mpaka huu. Mtu mwenye h ya 30 ana makala 30 zilizonukuliwa walau mara 30 kila moja, lakini fani zenye waandishi wengi na zana zinazotumiwa na kila mtu hupandisha namba hiyo haraka kuliko fani ya watu watatu na kolamu. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 liliomba wazi kwamba mtafiti asipimwe kwa kipimo cha jarida alilochapisha. Limetiwa saini kwingi kuliko linavyofuatwa.

Soma kazi za msimamizi hivi badala yake. Chukua miaka mitano ya karibuni tu. Angalia mwandishi wa kwanza ni nani: ni wanafunzi, au ni mtafiti yuleyule mmoja aliyekaa hapo muda mrefu? Mfuate mwanafunzi mmoja aliyekwishamaliza, uone lini alianza na lini makala yake ya kwanza ilitoka. Kwa maabara ya usanisi, fungua viambatisho na utazame michoro yenyewe; mchoro mchafu wenye vilele visivyoelezwa ni onyo kuhusu haraka iliyopo humo. Kwa maabara ya proteomiki, tafuta namba ya hazina ya data na ujaribu kuipakua, kisha uone kama maelezo ya sampuli yanatosha kwa mgeni kurudia uchambuzi. Maabara inayochapisha data bila kusema faili ipi ni ya sampuli ipi imekueleza mengi kuhusu maisha yako ya baadaye. Kwa proteomiki ya kikemia, tazama kama kuna chambo pacha kisichofanya kazi kilichotumika kama ulinganisho. Kikikosekana makala baada ya makala, uliza kwa nini.

Na swali moja la ana kwa ana, liulize kwa heshima lakini liulize: "Profesa, makala za ushirikiano nitahesabiwaje kwenye tasnifu?" Kila maabara ina jibu lake. Isiyo na jibu kabisa ndiyo ya kuiogopa.

Vifaa na utegemezi

Mwanausanisi ana kabati lake la kufyonza hewa, vioo vyake na daftari lake. NMR ni ya wote, lakini ikiharibika wiki moja bado unaweza kuendesha mimenyuko. Mashine ya miaka ishirini iliyopita bado inatoa mchoro unaokubalika kuchapishwa. Gharama ya kweli ni viyeyushi, vichocheo vya metali adimu, na afya: lithi ya butili aina ya tatu hushika moto ikigusa hewa, na hakuna anayefanya kazi hii miaka mitatu bila tukio la kumfanya aangalie kizima moto kipo wapi.

Proteomiki inaning'inia kwenye mashine moja ghali. Msingi wake ulitambuliwa na Nobel ya mwaka 2002, iliyokwenda kwa John Fenn na Koichi Tanaka kwa njia za kuzirusha molekuli kubwa hewani zikiwa na chaji bila kuzivunja, pamoja na Kurt Wüthrich kwa kazi ya NMR. Tangu hapo mbio hazijasimama, na kazi iliyofanyika kwa mashine ya miaka kumi iliyopita huonekana ya kina kifupi mbele ya wahakiki. Kabla ya kukubali nafasi uliza mambo matatu: mashine ni ya maabara au ya kituo cha pamoja, foleni ni ya siku ngapi, na ikizimika nani anakuja kuitengeneza. Njia ya tatu inarithi mahitaji ya pande zote, kwa hiyo hufaa zaidi pale kabati na mashine vipo chini ya paa moja.

Kwa ajira sitakaa sana. Wanausanisi huchukuliwa na viwanda vya dawa, viuatilifu, rangi na malighafi. Watu wa proteomiki huchukuliwa na kampuni za bioteknolojia na maabara za uchunguzi, na wale walioshika takwimu vizuri huweza kutoka nje ya biolojia kabisa.

Kwa hali yako

Ikiwa unahitaji kujua kabla ya jua kuzama kama leo umefaulu au umefeli, nenda usanisi. Vivyo hivyo kama unapenda kazi yako iwe yako mwenyewe, yenye jina lako mbele, hata kama ni chache. Uwe na mgongo wa kusimama na moyo wa kurudia.

Ikiwa swali linalokukosesha usingizi ni la ugonjwa au la seli, na molekuli kwako ni chombo tu, proteomiki itakufikisha haraka zaidi. Uwe tayari kuandika kodi za kompyuta, kufanya kazi na watu wa fani nyingine, na kuishi na asilimia 1.

Ikiwa una dawa au mmea unaojulikana kufanya kazi lakini haijulikani hugusa nini mwilini, proteomiki ya kikemia ndiyo yako, mradi msimamizi wako ana mshirika halisi upande wa pili na si jina tu kwenye ombi la fedha. Kama molekuli yenyewe haiwezi kubebeshwa kishikio bila kuharibika, uliza kuhusu njia ya kupima protini zipi zimekuwa ngumu kuyeyuka kwa joto baada ya kukutana na dawa. Hiyo haihitaji usanisi kabisa.

Ikiwa nafasi uliyonayo ni ya uzamili wa mwaka mmoja au miwili, usiingie njia ndefu ya usanisi wala mradi wa sampuli za wagonjwa ambazo bado hazijakusanywa. Chukua mmenyuko mmoja wa kuboresha, au data zilizokwisha kuwekwa wazi za kuchambua upya.

Ikiwa huna mshirika wa mashine karibu lakini una kompyuta nzuri na subira, uchambuzi upya wa data za wazi ni proteomiki halali. Usanisi hauna mlango wa namna hiyo.

Ikiwa bado huamui, omba wiki mbili kila upande kabla ya kusaini. Endesha kolamu moja mpaka mwisho, na sampuli moja kutoka kwenye seli mpaka kwenye chati. Usijiulize ipi imefaulu, maana zote mbili pengine zitaharibika mara ya kwanza. Tazama tu ni ipi uliyotaka kuirudia kesho yake asubuhi.

Na ikiwa tayari umo ndani ya moja na unataka kuhama, kutoka usanisi kwenda proteomiki ni rahisi kuliko kurudi. Anza na takwimu miezi mitatu kabla. Anayehamia usanisi akiwa amechelewa atahitaji karibu mwaka mzima mikono yake izoee, na mtu wa kumfundisha anayeweza kusimama kando yake bila kumnyang'anya sindano. Sweta ya sufi iache nyumbani, hasa ukielekea upande wa protini.